Huenda Ni Dhahabu

Jiwe lilikuwa ndani ya soksi ya mtoto, soksi ndani ya kopo la hamira, na kopo chini ya kitanda. Mjomba alifunga mlango wa chumba kabla hajainama kulitoa. Nje, watu wa matanga walikuwa bado wanakunywa chai, na sauti ya mke wake ilisikika akihesabu vikombe vya kuazima.

"Si wewe ndio umesoma?" akasema, akiniwekea jiwe mkononi. "Niambie. Hii ni dhahabu ama si dhahabu?"

Lilikuwa saizi ya kiazi kidogo, jeupe kama chumvi ya mawe, na upande mmoja lilikuwa na madoa ya manjano. Nikalipeleka dirishani kwenye jua. Lilimeta vizuri sana. Wacha niseme ukweli: kwa sekunde tano za kwanza, nilihesabu pesa.

Kama hujawahi kufika Ikolomani, unaweza kufikiri Mjomba amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Kakamega ina dhahabu ya kweli. Mwaka wa 1931 habari za dhahabu zilipoenea, walowezi waliacha mashamba yao wakaja kupiga hema kando ya mito yetu. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952, na mpaka leo kuna watu wanaolisha familia zao kwa kushuka mashimoni kwa kamba. Kwa hivyo mtu wa huku akisema "huenda ni dhahabu," hiyo huenda yake ina miguu. Si kama mimi nikiokota kitu kinachong'aa Kayole.

Mjomba hakushuka shimoni, magoti yake hayawezi. Yeye na majirani wawili walichanga wakanunua ditekta ya mtumba, ile mashine yenye sahani chini na mpini mrefu, ambayo unaipeperusha juu ya ardhi kama mtu anayefyeka nyasi pole pole. Mchango wake ulikuwa bei ya mtamba mmoja. Walipita mashamba miezi mitatu. Walipata misumari, vizibo vya soda, karatasi za sigara na sarafu ya zamani yenye tundu katikati. Halafu siku moja, nyuma ya shamba lake mwenyewe, mashine ikalia, wakachimba kufika kwenye goti, na jiwe hili likatoka.

Alikuwa ameshalionyesha kwa mtu mmoja, broka wa mjini. Broka aliligeuzageuza akasema "inakaa poa," kisha akajitolea kumtafutia mtu wa kukodi ile nusu ekari ya mahindi kwa miaka mitano, ili Mjomba apate pesa za kuchimba zaidi. Karatasi ya makubaliano ilikuwa kwenye kopo lilelile, chini ya soksi. Ilikuwa inangoja sahihi Jumanne. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mke wake hakuwa anajua.

Hapo ndipo swali lake lilipoacha kuwa swali la jiwe.

Kuna jambo lingine ambalo ni lazima niliseme kabla hatujaendelea. Mimi sijasoma. Yaani nimesoma, lakini siyo vile Mjomba anavyodhani. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Kwanza karo ilikwama semista moja, nikasema nitarudi. Baadaye karo ikapatikana nusu, na nikagundua sitaki kurudi. Sasa ninaandika vitu vya watu mtandaoni kwa malipo ya kila neno, na vitu vyangu usiku. Nyumbani wanajua kwamba "anamalizia." Ni miaka miwili sasa ninamalizia. Mtu ambaye Mjomba alimwonyesha jiwe, yule msomi, hayupo. Aliyekuwepo ni mimi.

Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, na yote yalikuwa mazuri. La kwanza: "Sijui, Mjomba, hiyo si kozi yangu." La pili: "Inakaa kama dhahabu, lakini uliza wengine." La tatu: "Ni dhahabu kidogo." Ukiyaangalia kwa makini, yote ni jibu moja. Yote yanamwacha mtu na huenda yake jinsi ilivyokuwa, na yananiacha mimi nikipendwa.

Na kwani ni vibaya? Hili ndilo swali ninalotaka tukae nalo. Mtu ana kitu kizuri ambacho anakiamini. Hakijamdhuru bado. Kinamfanya aamke asubuhi, aimbe akinyoa ndevu. Je, ni kosa kuamini kitu kizuri bila kukipima? Na wewe uliye kando, mwenye uwezo wa kukipima, una haki ya kumharibia? Au una wajibu?

Mojawapo ya kozi chache nilizomaliza ilikuwa ya falsafa, ya mwanzo kabisa, ile ambayo watu huichukua kwa sababu haina hesabu. Humo nilikutana na mwanahisabati wa Uingereza aitwaye W. K. Clifford, ambaye mwaka wa 1877 aliandika kuhusu maadili ya kuamini. Mfano wake ni wa mwenye meli. Meli ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na mwenyewe anaanza kuwa na shaka kama inafaa kubeba wasafiri. Lakini kuikagua ni gharama. Basi anajizungumzia moyoni: imekwenda salama safari nyingi, Mungu yupo, mafundi walikuwa waaminifu. Pole pole shaka inaisha. Anaamini kwa dhati kabisa. Anaipungia mkono ikitoka bandarini, meli inazama na watu wote, na yeye anachukua pesa za bima.

Clifford anasema ana hatia ya vifo vile. Hapo sote tunakubali. Lakini anaongeza kitu ambacho kilinikera nilipokisoma mara ya kwanza: kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ileile. Kosa lilifanyika siku ile aliponyamazisha shaka badala ya kuijibu. Kuzama ni matokeo tu.

Nikiwa chuoni nilimwona Clifford kama mwalimu wa zamu, mkali bila sababu. Nikiwa nimeshika lile jiwe, nilianza kumwelewa. Meli ya Mjomba ilikuwa nusu ekari ya mahindi. Wasafiri walikuwa mke wake na watoto wanne. Na bandarini nilikuwa nimesimama mimi, tayari kupunga mkono.

Nikamwambia, "Tulipime."

Sehemu hii nitaieleza vizuri, kwa sababu huenda na wewe siku moja ukaletewa jiwe.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kitu. Litoe juani ulipeleke kivulini. Dhahabu hubaki na rangi yake, manjano tulivu, kwenye jua na kwenye kivuli. Madini mengine hung'aa yakipigwa na mwanga kwa upande fulani, ukiyageuza yanazima. Tulisimama kona ya chumba ambako hata mchana kuna giza kidogo. Yale madoa yakapoa, yakawa rangi ya shaba iliyochoka. Mjomba akasema macho yake si mazuri siku hizi.

Kipimo cha pili ni sindano. Dhahabu ni laini, ukiichoma sindano inabonyea kama risasi ya kuvulia samaki. Nikachoma. Sindano iliteleza, halafu kipande kidogo kikaruka kama punje ya mchele iliyovunjika.

Kipimo cha tatu ni kigae. Chukua kigae cha bafuni ukigeuze, ule mgongo wake mweupe usio na mng'ao, ukwangue madoa yale hapo. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Yetu iliacha mstari mweusi wenye ukijani kwa mbali. Hiyo ni alama ya pairiti, ambayo ni chuma na salfa basi, na ambayo imedanganya watu wenye akili kuliko sisi.

Cha nne ni uzito. Jirani anayeoka keki alituazima mizani yake ndogo ya betri, bila kuuliza. Jiwe lilikuwa gramu 84. Tukaweka kikombe cha maji juu ya mizani, tukairudisha kwenye sifuri, tukaning'iniza jiwe ndani ya maji kwa uzi bila kugusa chini. Mizani ikasoma 27. Gawanya 84 kwa 27, unapata kama 3.1. Maana yake jiwe ni zito mara tatu hivi kuliko maji ya ukubwa uleule. Dhahabu safi ni mara 19. Pairiti ni mara 5. Lile jiwe jeupe linalobeba yote, kwatzi, ni mara mbili na nusu na zaidi kidogo.

Kwa haki, kipimo hiki peke yake hakiamui kitu, kwa sababu jiwe letu lilikuwa mchanganyiko. Lakini nilimwonyesha Mjomba hesabu nyuma ya karatasi ya programu ya mazishi. Madoa yale yalikuwa kama sehemu moja kwa tano ya jiwe. Kama yote yangekuwa dhahabu, jiwe lingekaribia gramu 160, karibu mara mbili ya lilivyokuwa. Aliangalia namba muda mrefu. Mjomba aliuza mahindi sokoni miaka ishirini, mizani anaielewa kuliko mimi.

Kisha akasema kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho.

"Mpwa wangu, wewe unapima jiwe. Mimi hili jiwe limenipima. Tangu nilipate sijagusa chang'aa."

Hapa ndipo Clifford ananiacha peke yangu, kwa sababu yeye hakuwahi kukaa kwenye chumba kile. Kuna watu wanaoishi kwa huenda. Huenda mvua itakuja, huenda mtoto ataitwa kazini, huenda ile pesa itatumwa. Ukimwambia mtu wa aina hiyo asiamini chochote mpaka ushahidi ukamilike, unamwambia asiamke kitandani. Mmarekani William James alimjibu Clifford mwaka wa 1896 karibu hivyo hivyo: kwamba kuna mambo ambayo ukingoja uhakika, umeshayapoteza. Huwezi kungoja ushahidi kwamba mtu atakuwa rafiki yako ndipo uanze kumwamini. Imani yenyewe ndiyo inaleta urafiki.

Ninamkubali James. Lakini alijiwekea mpaka ambao watu wengi huuruka: alikuwa anazungumzia mambo ambayo kwa asili yake ushahidi hauwezi kuyaamua. Kuacha pombe ni jambo la namna hiyo. Kujiamini kwamba kesho utakuwa mtu mwingine, hilo amini kwanza, ushahidi utakuja nyuma. Jiwe si hivyo. Jiwe halingoji umwamini. Limeshakuwa lilivyo tangu kabla ya babu zetu, na kigae cha bafuni kinatosha kulihoji. Mahali ambapo kipimo kipo mezani na wewe unakifunika kwa kitambaa, hiyo si imani tena. Ni kuficha.

Na kufichana kuna wafadhili wake. Angalia nani anapata riziki kwenye huenda ya Mjomba. Broka hakusema "ni dhahabu." Broka ni mjanja, alisema "inakaa poa." Jijini tunazijua hadithi hizi kwa ukubwa wake: nyumba ya kukodi yenye lango kubwa, masanduku ya chuma, mgeni aliyetoka mbali, na kipimo kinachofanywa na mtu wa muuzaji. Kila mtu chumbani ana sababu ya kutaka jibu moja, na anayelipa ndiye anayelitaka zaidi.

Jambo hili si la leo wala la kwetu peke yetu. Mwaka wa 1576 nahodha Mwingereza, Martin Frobisher, alirudi London kutoka visiwa vya kaskazini ya Kanada akiwa na jiwe jeusi. Wapimaji kadhaa waliliangalia, hawakuona dhahabu. Mfanyabiashara aliyeifadhili safari hakuridhika, akaendelea kutafuta, mpaka akampata Mwitaliano mmoja aliyesema ndiyo, ipo. Basi wakamwamini huyo mmoja. Mwaka uliofuata walileta tani kama 200 za mawe. Mwaka wa 1578 zilikwenda meli 15, zikarudi na zaidi ya tani 1,000. Hakukuwa na kitu. Mengine yaliishia kujengea ukuta katika mji wa Dartford. Wapimaji wa kwanza walisema kweli, ila kweli yao haikuwa jibu lililokuwa linatafutwa.

Nikamwambia Mjomba kwamba kipimo cha mwisho ni nyundo. Dhahabu ukiigonga inatandazika kama chapati. Pairiti inavunjika.

Akalichukua jiwe kutoka mkononi mwangu. "Na ukilivunja?"

"Likivunjika basi si dhahabu."

"Najua. Nauliza, ukilivunja, kesho nitaamka na nini?"

Sikuwa na jibu. Sikulivunja. Sikuona kwamba nyundo ile ilikuwa yangu.

Tulichofanya ni kwenda nyuma ya shamba. Njiani nilimuuliza jambo ambalo, kwa aibu yangu, nilipaswa kuliuliza mwanzo: je, mashine ililia kwenye jiwe, au ililia kwenye shimo? Akasimama. Akasema, kwenye shimo. Walichimba, wakaona jiwe linang'aa, wakazima mashine ili kuokoa betri, wakapiga magoti wakashukuru.

Ditekta haijui dhahabu. Inatuma nguvu za sumaku ardhini na kusikiliza kitu chochote cha metali kinachozijibu. Kizibo cha soda kinaijibu. Karatasi ya sigara inaijibu kwa sauti inayokaribia ya pete ya dhahabu, ndiyo maana watafutaji wote wana mfuko uliojaa takataka. Kwenye udongo wenye chuma kingi hata jiwe la kawaida huiliza. Mashine ilisema tu: kuna kitu hapa. Neno "dhahabu" waliliongeza wao.

Mjomba aliiwasha. Akaweka jiwe kwenye nyasi, mbali na shimo, akapitisha sahani juu yake. Kimya. Akapitisha tena, karibu zaidi, sahani ikakaribia kuligusa. Kimya. Akaenda kwenye rundo la udongo uliotoka shimoni, na mashine ikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Tulichambua udongo kwa mikono yeye upande huu, mimi ule. Ilikuwa ncha ya jembe, imeliwa na kutu, nyembamba kama sikio.

Aliifuta kwa suruali yake. "Hii ni ya mama," akasema, maana yake nyanya yangu. Labda ni kweli, labda si kweli. Sikuipima hiyo.

Nilimwambia pia yale yaliyobaki, kwa sababu ukweli nusu ni mwenzake uongo. Nilimwambia kwamba pairiti na kwatzi huonekana pamoja na dhahabu katika miamba ya Kakamega, na kwamba jiwe linaweza kuwa na dhahabu ndani ambayo jicho haliioni. Hilo linajulikana maabara tu, kwa kulisaga na kulipima kitaalamu. Nilimwambia atenge pesa ya kipimo kimoja kabla ya kukodisha chochote. Nilimwomba asitumie zebaki aliyokuwa nayo kwenye kichupa, kwa sababu mvuke wake huharibu ubongo na mishipa ya fahamu ya kila mtu aliye jikoni, si yeye tu. Na nilimkumbusha kwamba hata ikiwa ni dhahabu, kwa Katiba ya 2010 madini yaliyo chini ya shamba lake si yake peke yake, na kuyachimba kunataka kibali. Hapo alicheka. Akasema serikali ndiyo ditekta ya kweli, inalia tu ikisikia mtu amepata kitu.

Karatasi haikutiwa sahihi Jumanne. Ningependa kusema ni kwa sababu ya falsafa. Nadhani ni kwa sababu usiku ule alimwambia mke wake, na mke wake hakuhitaji kigae.

Lakini kabla ya hapo, tukiwa bado shambani, alinigeukia. "Asante," akasema. "Ndiyo maana tunasomesha watoto. Unamaliza lini?"

Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, na yote yalikuwa mazuri.

Nilifikiria mstari mweusi kwenye kigae. Kwa miaka miwili nimekuwa na jiwe langu, ndani ya soksi yake, ndani ya kopo lake. Mama yangu anaonyesha majirani picha yangu ya mwaka wa kwanza. Anaweka akiba ya nguo ya mahafali. Sikuwahi kumdanganya kwa maneno. Nilimwacha tu na huenda yake, na mimi nikapendwa. Clifford asingeuliza kama siku moja nitafanikiwa kwa kuandika. Angesema hatia ni ileile hata meli ikifika.

Nikamwambia Mjomba kwamba simalizi. Kwamba niliacha.

Alikaa kimya, akigeuza ncha ya jembe kiganjani. "Mama yako anajua?"

"La."

"Basi usinipe mimi," akasema. "Peleka kwa mwenyewe."

Sijui kama kweli ni bora kuliko matumaini, nikizisema hivyo kwa jumla. Ninajua kwamba matumaini yanayokataa kupimwa hulipiwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo yuko nje anahesabu vikombe. Mjomba bado anatoka na mashine Jumamosi. Tofauti ni moja: akipata kitu, anakiweka kwenye nyasi, mbali na shimo, na kukiuliza tena kabla hajakitia mfukoni. Jiwe lile bado liko kwenye kopo. Hajalipeleka maabara, na hajalivunja.

Mimi nilimpigia Mama jioni ileile nikiwa stendi ya matatu, kabla gari halijajaa. Niliongea mpaka salio likaisha. Kisha yeye akanipigia.